Vikombe viwili na nusu vya mboga, nani kapima? Maswali yenu kuhusu miongozo ya ulaji

Toleo lililopita tuliweka hapa vipimo vya mwongozo wa ulaji wa Marekani, ule wa 2020 hadi 2025, kwa mtu anayehitaji kalori 2,000 kwa siku: mboga vikombe viwili na nusu, matunda vikombe viwili, nafaka aunsi 6 na angalau nusu yake iwe isiyokobolewa, maziwa na jamii yake vikombe vitatu, vyakula vya protini aunsi 5 na nusu, mafuta ya mimea gramu 27. Basi simu haikupumzika. Wengi wenu hamkuuliza mle nini, mmeuliza hizi namba katoa nani na kazitoaje, na mimi nimefurahi kweli maana hilo ndo swali ambalo sisi watu wa lishe tunatakiwa tulijibu kabla hata hatujamwambia mtu punguza hiki ongeza kile. Nimechagua machache, mengine yanafanana.

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili chuo. Kwa nini mboga ni vikombe viwili na nusu, sio viwili, sio vitatu? Kuna watu walikaa wakakubaliana tu au kuna hesabu nyuma yake?

Marahaba mdogo wangu. Hesabu ipo, tena ndefu, na ina jina, inaitwa modeli ya mpangilio wa mlo. Nikueleze taratibu maana hapa ndo penyewe.

Kamati ya wataalamu inapoandaa ushauri huwa inashika kamba tatu kwa pamoja. Ya kwanza ni kusoma tafiti zote zilizofanyika, wanaokula hivi wanaugua nini na wanaokula vile wanaugua nini. Ya pili ni kuangalia wananchi wanakula nini sasa hivi. Ya tatu ndo modeli yenyewe, na kazi yake ni kujibu swali la aina moja tu: tukipanga mlo hivi, mtu atapata virutubishi anavyohitaji bila kuzidisha kalori? Na tukibadilisha hapa, kutatokea nini kule?

Wanaanza na malengo. Kila umri na jinsia ina kiwango chake cha protini, vitamini na madini kilichowekwa tayari, afu kuna mipaka ya juu, mfano kwenye mwongozo huo wa 2020 hadi 2025, mafuta yale mazito yanayoganda yasifike asilimia 10 ya kalori, sukari ya kuongezwa nayo hivyohivyo, sodiamu chini ya miligramu 2,300 kwa mtu mzima. Afu wanaweka ngazi za kalori, na Marekani wana ngazi 12, kuanzia 1,000 mpaka 3,200 kwa kupanda 200 kila ngazi, kwa sababu mtoto wa miaka miwili na kijana anayecheza mpira kila jioni hawawezi kupewa sahani moja.

Sasa inakuja sehemu ambayo wanafunzi wengi wanairuka na ndo nzito kuliko zote. Kompyuta haijui "mboga nyekundu na za rangi ya chungwa" ni kitu gani, inajua namba tu, kwa hiyo lazima kila kundi lipewe namba zake, yaani kikombe kimoja cha kundi hili kinaleta kalori ngapi, vitamini A kiasi gani, chuma kiasi gani. Lakini kundi lina vyakula vingi, utachukua kipi? Wanachukua vyote ila kwa uzito wa jinsi watu wanavyovila. Kuna utafiti wa taifa unaitwa NHANES ambapo watu wanaulizwa walikula na kunywa nini saa 24 zilizopita, wanaulizwa kwa siku mbili tofauti, na humo ndo wanapata kwamba katika kundi hili nyanya zinaliwa sana, karoti kidogo, malenge kidogo zaidi. Kinacholiwa sana kinapewa sauti kubwa kwenye wastani.

Chukua mfano wangu, namba hizi nimezitunga ili uone njia tu. Kundi lina mboga tatu. Ya kwanza inaliwa kwa asilimia 60 na kikombe chake kina miligramu 20 za vitamini C, ya pili asilimia 30 ina miligramu 60, ya tatu asilimia 10 ina miligramu 100. Ukizidisha na kujumlisha unapata 12 na 18 na 10, jumla 40. Kwa hiyo kwenye modeli kikombe cha kundi zima kitahesabiwa kina miligramu 40. Sasa watu wakibadilika wakala asilimia 40, 40 na 20, mboga ni zilezile tatu, kikombe ni kilekile, lakini hesabu inakuwa 8 na 24 na 20, jumla 52. Umeona? Hakuna kilichobadilika shambani, kilichobadilika ni tabia ya watu, na namba ya kundi ikapanda. Ndo maana mwongozo wa nchi moja hauwezi kubebwa ukapelekwa nchi nyingine kama ulivyo, hata kama virutubishi wanavyohitaji binadamu ni vilevile.

Baada ya hapo ndo wanapanga kiasi cha kila kundi, wanajumlisha, wanalinganisha na malengo. Potasiamu imepungua, wanaongeza mboga kidogo, kalori zinapanda, wanapunguza kwingine, wanajumlisha tena. Mbili na nusu ni pale ambapo kwa kalori 2,000 mzani ulitulia pamoja na makundi mengine yote. Na hata hizo mbili na nusu ndani yake zimegawanywa kwa wiki: mboga za kijani kilichokolea kikombe kimoja na nusu, nyekundu na za chungwa vitano na nusu, jamii ya kunde kimoja na nusu, zenye wanga vitano, nyinginezo vinne. Jumlisha, utapata 17 na nusu, gawa kwa siku saba, hiyo hapo mbili na nusu yako.

SWALI: Dada habari. Mimi nafuata makundi yote kama yalivyo, napima kwa kikombe kabisa, lakini uzito unapanda tu mwezi wa tatu sasa. Hivi hizi modeli haziko sahihi au mwili wangu ndo una shida?

Nzuri kaka, na pole sana kwa sababu najua mtu akijitahidi hivyo afu mzani ukamkatalia inauma. Sijakuona kwa hiyo siwezi kusema ni nini hasa, lakini kuna jambo moja ambalo naomba kila msomaji alishike, na inaniumiza kwamba kwenye mabango ya sahani za rangi halionekani vizuri.

Modeli inapoweka chakula kwenye kundi inachukua umbo lake lenye virutubishi vingi na kalori chache: nyama isiyo na mafuta, maziwa yaliyoondolewa mafuta, matunda yasiyoongezwa sukari, mboga isiyoongezwa siagi wala chumvi. Namba zote unazoziona zimesimama juu ya dhana hiyo. Kwa hiyo ukila vikombe vilevile lakini kwa umbo lingine, umefuata kipimo ila hujafuata modeli.

Angalia maziwa peke yake. Kikombe cha maziwa yasiyo na mafuta kina kama kalori 85, kikombe cha maziwa yenye mafuta yake yote kina kama 150. Tofauti ni 65 hivi, zidisha kwa vikombe vitatu unapata 195. Sasa kwenye ngazi ya kalori 2,000 makundi yote yakishatimizwa kwa umbo lile jepesi zinabaki kalori 240 tu, yaani asilimia 12, na hizo ndo za kila kitu kingine, sukari ya kwenye chai, siagi ya kwenye mkate, na kila kilichokaangwa. Kwa kubadilisha maziwa tu umeshatumia 195 kati ya 240. Bado hujaweka sukari, bado hujakaanga kitu. Chupa moja ya soda ya mililita 330 ina sukari kama gramu 35, kila gramu kalori 4, ni 140 zingine. Ushapita.

Halafu kuna la pili, ngazi. Wewe umechukua 2,000 kwa sababu ndo iliyoandikwa kila mahali, lakini ile ni mfano tu. Mtu mwenye umbo dogo anayekaa kwenye kiti siku nzima anaweza kuwa wa 1,800 au 1,600, na kwenye ngazi hizo zile kalori za ziada ni chache zaidi. Waaustralia hapa walifanya kitu nakipenda: kwenye modeli waliyoitoa 2011 kwa ajili ya mwongozo wao wa 2013, walianza kwa kupanga mlo wa msingi wa mtu mdogo kuliko wote na asiyejishughulisha katika kila kundi la umri na jinsia, wakahakikisha huyo anapata virutubishi vyake vyote, afu ndo wengine warefu zaidi na wenye kazi nzito wakaongezewa juu yake. Nikiulizwa mimi ningesema hiyo njia inamlinda mtu kama wewe, maana inaanza na yule mwenye nafasi ndogo ya kukosea. Pima ngazi yako kwanza na mtaalamu, usianze kwa kujilaumu.

SWALI: Kwa hiyo ni kompyuta ndo inaamua tule nini? Mbona inatisha kidogo.

Hapana ndugu yangu, na historia yenyewe inaonyesha kompyuta ikiachwa peke yake inafika wapi.

Mwaka 1945 mchumi wa Marekani George Stigler alichapisha swali rahisi: mwanaume mmoja anaweza kupata virutubishi vyake vyote kwa mwaka kwa gharama ndogo kiasi gani? Alikuwa na vyakula 77 na virutubishi 9, kalori na protini zikiwemo humo, na njia ya hesabu ya kupata jibu kamili haikuwepo, akakisia kwa akili na majaribio akapata dola 39.93 kwa bei za 1939. Mlo wake ulikuwa unga wa ngano, maziwa ya kopo, kabichi, spinachi na maharage makavu, basi. Mwaka 1947 mwanahisabati George Dantzig akavumbua njia ya kutatua hesabu za namna hiyo na swali la Stigler likawa moja ya majaribio ya kwanza, makarani tisa wakitumia mashine za mkono za kukokotoa, kazi ikachukua siku 120 za mtu mmoja ukizijumlisha, jibu dola 39.69. Stigler alikosea kwa senti 24 tu! Lakini yeye mwenyewe hakumshauri mtu ale vile mwaka mzima, na ni kweli, nani ataweza.

Miaka ya 1950 Dantzig akaambiwa na daktari apunguze uzito, akaamua kutumia hesabu yake mwenyewe kwenye kompyuta, akaiambia itafute mlo utakaomfanya ajisikie ameshiba. Kompyuta ikamwambia anywe galoni 500 za siki kwa siku. Siki karibu yote ni maji lakini kwenye data yake ilikuwa imeandikwa kama haina maji, basi hesabu ikaona hicho ndo chakula kizito kisicho na kalori. Alipoiondoa siki, ikamletea vipande 200 vya supu ya kukausha. Hapo ndo akaelewa lazima kila chakula kiwekewe kiwango cha juu, na kuanzia hapo kuweka kikomo cha juu ikawa sehemu ya hesabu hizo. Mimi nikifundisha huwa naanza na kisa hiki kwa sababu kinabeba kila kitu, kompyuta haikukosea hata kidogo, ilijibu swali ililoulizwa.

Siku hizi njia ni mbili kubwa. Marekani wamekuwa wakitumia ile niliyomweleza mwanafunzi juu pale, ya kupanga, kujumlisha, kurekebisha, kupanga tena, na binadamu ndo anayesogeza kila hatua. Uingereza kwa sahani yao ya 2016, ile Eatwell Guide, walitumia hesabu ya kutafuta jibu bora kama ya Dantzig, ila swali walilouliza halikuwa mlo wa bei ndogo. Watafiti wa Oxford waliuliza: ni mlo gani unaotimiza mapendekezo yote mapya, sukari isizidi asilimia 5 ya kalori na nyuzinyuzi gramu 30 kwa siku, na wakati huohuo umekaa karibu kabisa na kile ambacho Waingereza wanakula sasa hivi? Yaani badiliko dogo kuliko yote linalotosha. Swali hilo nalipenda mno, kwa sababu lina heshima kwa mlaji, linamchukua alipo. Na Canada kwa mwongozo wao wa 2007 waliongeza kitu kingine, wakitunga milo 500 ya kuigiza kwa kila kundi la umri na jinsia, maana wastani unaweza kuonekana mzuri huku nusu ya watu wanapungukiwa, ukiwa na milo 500 tofauti unaona wangapi wanabaki nyuma.

Kwa hiyo kompyuta inakokotoa, mtu ndo anaamua: kipi kiwe lengo, kipi kiwe kikomo, chakula kipi kiingie kundi gani.

SWALI: Nimesoma kwamba hata huo mlo bora vitamini D haitoshi. Sasa modeli gani hiyo inafeli yenyewe?

Umesoma sawa dada. Mipangilio ya Marekani ya 2020 haifiki kiwango cha vitamini D, na E pia inabaki chini, na kirutubishi kingine kinaitwa kolini kwa watu wengi. Lakini hilo sio jambo la kuficha, ndo faida yenyewe ya kufanya hesabu, kwamba inakuonyesha tundu liko wapi badala ya kudhani mlo mzuri unamaliza kila kitu. Mtu mzima anatakiwa mikrogramu 15 za vitamini D na vyakula vyenye nayo kwa asili ni vichache mno, vikombe vitatu vya maziwa yaliyoongezewa vinaleta kama 9 tu. Kufika 15 kwa chakula ingebidi upandishe samaki wenye mafuta au vyakula vilivyoongezewa mpaka mlo mzima uyumbe. Kamati inaangalia na mengine, mwili unatengeneza vitamini D kwa jua, inaamua kuacha pengo lionekane na kulisemea pembeni.

Chuma kwa mjamzito ni hivyohivyo, anatakiwa miligramu 27 kwa siku na mipangilio ile haimfikishi, ndo maana anapewa vidonge kliniki. Dada zangu wajawazito mnaosoma hapa, msiache vile vidonge eti kwa sababu mnakula vizuri. Hesabu imeshafanywa, chakula peke yake kinapungua.

SWALI: Nina mtoto wa miezi minane. Nimetafuta kipimo cha kila kundi kwa umri wake sikipati popote, kuna cha kuanzia mwaka mmoja tu. Wamesahau?

Hawajasahau mama, walijaribu wakashindwa, na nawaheshimu kwa kusema hivyo waziwazi.

Mwongozo wa Marekani wa 2020 ndo ulirudisha watoto chini ya miaka miwili baada ya kuachwa nje tangu 1985. Kamati ikafanya modeli kwa miezi 6 hadi 12, na ukuta waliogonga ni chuma. Mtoto wa umri wa wako anatakiwa miligramu 11 za chuma kwa siku, mwanaume mzima anatakiwa 8. Fikiria hilo kidogo, mwenye tumbo la ukubwa wa ngumi anahitaji kuliko baba yake. Na sehemu kubwa ya kalori zake bado inatoka kwenye maziwa ya mama, ambayo chuma chake ni kidogo sana, kwa hiyo nafasi inayobaki kwa chakula ni ndogo na kazi iliyopewa hiyo nafasi ni kubwa. Walipanga hivi na vile, na bila kutegemea nafaka za watoto zilizoongezewa chuma au nyama kwa wingi hesabu haikutulia, basi wakatoa mifano ya michanganyiko inayokaribia badala ya kuandika kipimo kimoja rasmi. Kwa miezi 12 hadi 23 walifanikiwa, kalori 700 mpaka 1,000, na humo walikuta hakuna nafasi kabisa ya sukari ya kuongezwa, hata kidogo, kila kalori inadaiwa na kirutubishi.

Kwako kinachotoka hapo ni kwamba kila kijiko kianze na chakula chenye chuma, na mtoto apimwe damu kama kliniki watashauri. Usisumbuke kutafuta jedwali, halipo.

SWALI: Mimi situmii maziwa kabisa. Je naweza kufidia kwa kitu kingine na bado nikawa ndani ya mwongozo?

Hili ndo hasa swali ambalo modeli ilitengenezewa. Unatoa kundi, unaweka kingine, unahesabu nini kimepotea. Kikombe cha maziwa kina karibu miligramu 300 za kalsiamu, vitatu ni 900, na mtu mzima wa kawaida anatakiwa 1,000. Ukiondoa tu bila kuweka kitu umeondoa karibu lengo lote. Hata mpangilio wa Marekani wa 2020 wa mtindo wa Mediterania, yaani ulaji wa nchi za kuzunguka bahari hiyo, ambao wengi mnausifia, una maziwa vikombe viwili badala ya vitatu na samaki wengi zaidi, na kalsiamu yake kwenye hesabu inashuka.

Walipolinganisha vinywaji vya mimea na maziwa walikubali soya iliyoongezewa kalsiamu na vitamini, kwa sababu protini na virutubishi vyake vinakaribiana. Vya lozi, mchele na nazi havikuingia kundi hilo hata vikiwa vimeongezewa kalsiamu, kwa jumla vinapungua, hasa protini. Unaruhusiwa kuvinywa, ila usivihesabu kama maziwa.

Na makundi yenyewe hayakuandikwa kwenye jiwe. Jamii ya kunde kwenye mwongozo wa 2020 ilikaa kwenye mboga, ripoti ya kamati ya Desemba 2024 ikapendekeza ihamie kwenye protini. Maharage hayajabadilika, kilichobadilika ni kwamba walitaka watu wale protini zaidi kutoka mimea. Hata ile "angalau nusu ya nafaka isiwe imekobolewa" ina stori kama hiyo. Watu wanauliza kwa nini isiwe yote. Moja ya sababu ni kwamba nafaka zilizokobolewa Marekani zinaongezewa asidi ya foliki, vitamini ambayo mimba inaihitaji inapoanza kukua, kwa sheria tangu 1998, na nyingi zisizokobolewa haziongezewi, kwa hiyo ukibadilisha zote kwenye modeli, foliki inashuka, na kwa mwanamke anayeweza kupata mimba hilo ni hatari.

SWALI: Kamati ikishamaliza hesabu serikali inafuata?

Sio lazima. Huko Marekani kamati inashauri, wizara mbili ndo zinaandika, ya kilimo na ya afya. Kamati ya 2020 ilikuwa na watu 20, modeli iliwaonyesha kwamba kwa ngazi nyingi za kalori nafasi ya sukari ni finyu, wakapendekeza kikomo kishuke kutoka asilimia 10 hadi 6. Mwongozo ulipotoka ukabaki na 10. Kwa maoni yangu hapo serikali ilimnyima msomaji namba aliyostahili, kwa sababu ukichukua ngazi ya 2,000, asilimia 10 ni kalori 200, na nafasi yote iliyobaki ni 240, unamwachia mtu kalori 40 kwa mafuta yote mazito ya ziada. Namba hizo mbili haziishi pamoja vizuri, na huhitaji kuwa mtaalamu kuona.

SWALI: Je modeli inathibitisha kwamba nikila hivyo sitapata kisukari au presha?

Haithibitishi. Hiyo ni kazi ya ile kamba ya kwanza, tafiti za watu halisi waliofuatiliwa miaka. Modeli inaanza pale tafiti zilipoishia, inachukua aina ya mlo ambao umeonekana kuendana na afya njema na kuuliza kama unatosheleza virutubishi na unaingia ndani ya kalori. Mlo unaweza kutimiza kila kirutubishi kwenye karatasi na usiwe na ushahidi wowote wa kuzuia ugonjwa, kama ule wa Stigler.

Kwa hiyo ukikutana na ripoti yoyote ya nchi yoyote inayosema imetumia modeli, tafuta kwanza ukurasa unaosema vyakula gani viliwakilisha kila kundi na kwa umbo gani. Afu tafuta virutubishi ambavyo havikufikia lengo, ripoti ya kweli lazima itakuwa navyo. Afu angalia walimpangia nani, umri gani, mwenye kazi gani, mjamzito au la. Kama wewe humo haumo, chukua ile ripoti nenda nayo kwa mtaalamu wa lishe akupangie upya, ni hesabu ya nusu saa tu.